Simu Moja, Wanafunzi Sitini

Mwalimu akitoka semina ya TEHAMA hurudi shuleni na majina tele kwenye daftari: Kahoot, Padlet, GeoGebra, Mentimeter, Quizizz. Mwezi ukipita, majina bado yamo daftarini na chaki bado iko mkononi. Wapo wanaosema walimu wanaogopa teknolojia. Sikubaliani nao. Sehemu kubwa ya zana hizo ilibuniwa kwa darasa ambalo kila mtoto ana kompyuta mbele yake na mtandao haukatiki. Huku kwetu mkondo mmoja una wanafunzi sitini au themanini, simu za wanafunzi zinaishia getini, na laptopu ya shule mwalimu anaigombea na mhasibu. Zana inayodai vifaa sitini haifai hapo hata iwe ya bure.

Zipo zinazofaa, nazo ndizo nitakazozieleza. Zinataka kifaa kimoja cha mwalimu, bando dogo, na nyingine hazitaki bando kabisa zikishapakuliwa. Vifaa vyenyewe si haba kama zamani. Tanzania, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ile kwisha. Kenya, mpango wa serikali wa kupeleka vishikwambi shule za msingi ulianza mwaka 2016. Kama kuna kimoja kimelala kabatini ofisini kwa mkuu wa shule, hii ni sababu nzuri ya kukiomba.

Swali kwanza, zana baadaye

Kosa la kawaida ni kuanza na zana: mwalimu anapata programu mpya, kisha anatafuta somo la kuipachika. Anza upande wa pili. Ni wapi wanafunzi wako hukosea kila mwaka, hata baada ya kufundishwa vizuri? Kila mwalimu mzoefu anazijua sehemu hizo bila kufungua kitabu. Hapo ndipo zana inapostahili kutumika, maana sehemu nyingine ubao na maelezo vinatosha na havili chaji.

Kigezo changu cha kuchagua zana ni kimoja: je, inamlazimu kila mwanafunzi kuchagua jibu kabla hajaonyeshwa lililo sahihi? Video nzuri isiyouliza chochote hutazamwa kama taarifa ya habari. Ikiisha, mwanafunzi anabaki na imani ileile aliyoingia nayo darasani. Lakini akishachagua jibu lake mwenyewe, ana kitu cha kutetea, na likigeuka kuwa si sahihi atataka kujua kwa nini.

Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliliona jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wake wa fizikia walikokotoa maswali magumu vizuri tu, ila walikwama kwenye maswali mepesi ya dhana. Akabadili utaratibu wa kipindi. Anatoa swali la kuchagua, kila mmoja anapiga kura bila kushauriana, halafu wanajadiliana na jirani, halafu wanapiga kura tena. Kanuni yake ya kuamua hatua inayofuata ni rahisi kushika: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya, maana hakuna wa kumsaidia mwenzake; wakiwa kati ya 30 na 70, waachie wajadiliane; wakizidi 70, fafanua kidogo usonge mbele.

Utaratibu huo hauhitaji hata umeme, kwa sababu mikono inaweza kutosha. Ila mikono ina ila yake: wanafunzi hutazamana. Yule anayeshika namba moja darasani akinyoosha kwa A, nusu ya darasa inanyoosha kwa A. Kura inageuka kuwa ya mtu mmoja.

Kadi za karatasi na kamera ya mwalimu

Plickers inatatua hilo kwa njia ambayo mimi naiona ni ya akili kuliko zana nyingine yoyote iliyobuniwa kwa darasa kubwa. Mwanafunzi hashiki kifaa. Anashika kadi ya karatasi yenye umbo jeusi linalofanana kidogo na msimbo wa QR. Kila kadi ina namba yake na pande nne, na pembeni mwa kila upande kuna herufi ndogo sana: A, B, C au D. Anayetaka kujibu B anaigeuza kadi mpaka B iwe juu. Jirani akichungulia haoni kitu cha maana, kwa sababu herufi ni ndogo na kila kadi ina umbo tofauti. Mwalimu anasimama mbele, anafungua programu kwenye simu yake, anaipitisha kamera polepole juu ya darasa, na majibu yanajikusanya yenyewe kwenye kioo, mwanafunzi mmoja mmoja, pamoja na idadi ya waliochagua kila herufi.

Seti ya kawaida ina kadi 40, na ipo nyingine ya kadi 63. Zote hupakuliwa bure kwenye tovuti yao na kuchapishwa kwa wino mweusi tu. Darasa likizidi hapo, toa kadi moja kwa kila dawati. Wawili watalazimika kukubaliana kabla ya kugeuza, na mabishano hayo ni sehemu ya somo.

Mambo matatu yatakukwamisha usipoyajua mapema. Kwanza, usiwape kadi zilizolaminishwa kwa plastiki inayong'aa: mwanga wa dirishani ukipiga juu yake kamera haisomi. Bandika karatasi kwenye boksi gumu au manila, inatosha mwaka mzima. Pili, wafundishe kushika kadi pembeni, maana kidole kikifunika weusi kidogo tu kadi haisomeki. Tatu, simu inahitaji mtandao ili kupokea maswali na kuhifadhi majibu. Bando la kawaida linatosha, lakini fungua darasa lako kwenye programu ukiwa bado ofisini penye mtandao mzuri, usingoje ufike mbele ya wanafunzi.

Kipindi kimoja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mada ya umeme. Karibu kila darasa lina wanafunzi wanaoamini kwamba balbu "inakula" mkondo wa umeme, hivyo unaotoka upande wa pili ni pungufu. Wanaweza kukariri kanuni ya Ohm neno kwa neno na bado waamini hivyo. Swali la kuwatega ni hili:

Betri moja imeunganishwa na balbu mbili zinazofanana, moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Itakuwaje? A: ya kwanza itawaka zaidi. B: ya pili itawaka zaidi. C: zitawaka sawa. D: haitawaka hata moja.

Soma swali, chora saketi ubaoni, toa dakika moja ya ukimya, kisha kadi juu. Usiseme jibu wala usikunje uso. Waambie matokeo tu: wangapi A, wangapi C. Halafu kila mmoja amgeukie jirani aliyechagua tofauti na amshawishi, dakika tatu. Hapa darasa litapiga kelele na mwalimu wa zamu anaweza kuchungulia mlangoni. Mwache achungulie. Piga kura ya pili.

Sasa ndipo unapofungua PhET. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Kazi yao ni kutengeneza simulesheni za sayansi na hisabati, yaani maabara za kwenye kioo ambazo mwanafunzi anazichezea na zinaitikia. Ni za bure, na baadhi zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa kujitolea. Tafuta ile inayoitwa Circuit Construction Kit: DC. Unaburuta betri, nyaya, balbu na swichi, unaziunganisha, na umeme unaanza kupita mbele ya macho.

Betri inayokuja na programu ni ya volti 9 na balbu ni ya omu 10. Unganisha balbu moja, weka ammita: 0.90. Uliza ammita itasoma ngapi balbu ya pili ikiongezwa kwenye mstari uleule, na usiguse kitu mpaka wamejibu. Ongeza. Itasoma 0.45. Halafu isogeze ammita: kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu, baada ya balbu ya pili. Kila mahali ni 0.45, na balbu zote mbili zinawaka sawa. Waliochagua A hawana pa kujificha, lakini pia hakuna aliyewacheka, kwa sababu walikuwa wengi. Ukibaki na muda, ziunganishe sambamba na uwaulize ammita iliyo karibu na betri itasoma ngapi. Wengi watasema 0.45 tena au 0.90. Jibu ni 1.80, kwa kuwa kila balbu sasa ina njia yake na kila njia inapitisha 0.90.

Jiandae kwa swali moja. Ndani ya programu, chembe zinazoonekana zikitembea ni elektroni, nazo zinatoka upande hasi wa betri. Kitabu cha kiada kinaonyesha mshale ukitoka upande chanya. Mwanafunzi makini ataliona hilo ndani ya dakika mbili. Kuna kitufe cha kubadili ili mishale ionyeshe mkondo kama unavyochorwa vitabuni; onyesha vyote viwili na ueleze kwamba mwelekeo wa vitabuni ulikubaliwa kabla elektroni hazijagunduliwa. Na mtu akiunganisha waya mmoja kutoka upande huu wa betri hadi ule bila balbu, betri itawaka moto kwenye kioo. Lazima atatokea wa kufanya hivyo, na hakuna njia salama zaidi ya kufundisha hatari ya shoti.

Je, simulesheni inatosha badala ya maabara? Hapana. Betri za tochi, vipande vya waya na balbu ndogo mbili vinapatikana dukani kwa pesa kidogo, na mwanafunzi anapaswa kuvishika. Lakini mpangilio ninaoupenda ni simulesheni kwanza, vifaa halisi baadaye. Balbu mbili za dukani mara nyingi hazilingani kikamilifu. Moja ikiwaka zaidi kidogo, yule aliyeamini kwamba umeme unaliwa njiani atapata ushahidi wa uongo. Akishaona hali safi kwenye kioo, ataiona tofauti ndogo mezani na kuuliza chanzo chake. Mwambie pia kwamba balbu ya kweli ikipata joto ukinzani wake hupanda, kwa hiyo asitarajie namba za ammita zilingane na za kwenye programu.

Bila mtandao

Simulesheni mpya za PhET zinapakuliwa kama faili moja lenye MB chache, na hufunguka ndani ya kivinjari bila intaneti. Kwenye laptopu ni kubofya tu. Kwenye simu baadhi ya vivinjari hukataa kufungua faili la aina hiyo, hivyo jaribu nyumbani kabla. Zile za zamani zilizotengenezwa kwa Java ziache. Zinasumbua kuliko zinavyosaidia. Faili likishakuwa kwenye flashi, walimu wote wa sayansi wa kata wanaweza kulinakili.

Kwa hisabati, GeoGebra ndiyo ya kwanza kupakua. Ilianza mwaka 2001 kama kazi ya uzamili ya Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na ukishaisakinisha inafanya kazi bila mtandao. Andika y = mx + c, programu itakutengenezea vitelezi viwili, m na c. Uliza mstari utafanya nini m ikishuka chini ya sifuri, kusanya utabiri, ndipo uvute kitelezi. Ni dakika kumi za kipindi. Usiifanye kipindi kizima, kwa sababu kuchora grafu kwa rula na penseli bado kunatakiwa kwenye mtihani.

Shule yenye kompyuta chache zilizokusanywa chumba kimoja inaweza kwenda mbali zaidi kwa Kolibri, mfumo wa bure wa shirika la Learning Equality uliokusudiwa tangu mwanzo kwa mahali pasipo na intaneti. Kompyuta moja inabeba masomo yote, na nyingine zinajiunga nayo kwa wifi ya ndani isiyohitaji bando. Unapakua maudhui mara moja ukiwa mjini: mazoezi ya Khan Academy, simulesheni za PhET, hadithi za African Storybook zikiwemo za Kiswahili. Mwalimu anaweza kutoa zoezi na kuona nani amekwama swali la ngapi. Sehemu ya maelekezo ya mfumo inapatikana kwa Kiswahili. Kwa utafutaji wa kawaida, programu ya Kiwix inaiweka Wikipedia ya Kiswahili yote ndani ya simu ya kawaida.

Kahoot na mbio zake

Siwezi kuiruka Kahoot, maana ndiyo inayojulikana. Ilizinduliwa Norwei mwaka 2013, na raha yake ni ya kweli: muziki, rangi, jina la mshindi juu. Inafaa kwa marudio Ijumaa mchana, darasa likiwa limechoka. Haifai kwa dhana mpya. Kwa kawaida anayejibu haraka hupata pointi zaidi, na mbio hizo humfundisha mwanafunzi kubahatisha. Refusha muda wa swali, inaruhusu hadi dakika 4, na uwapange kwa timu zenye kifaa kimoja kila timu. Vishikwambi vitano vinatosha darasa la hamsini ukimpa kila mmoja zamu ya kushika na ukitoa amri kwamba anayeshika habonyezi mpaka wenzake wakubaliane. Majina ya utani waache mfumo uyatoe wenyewe. Ukiwaachia uhuru, utasoma matusi mbele ya mkuu wa shule.

Padlet, Mentimeter na Fomu za Google ni nzuri pale ambapo kila mmoja ana kifaa chake, kwa mfano chuo cha ualimu au semina ya walimu wenyewe. Kwa sekondari ya kata naziacha.

Lugha ya mjadala

Sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na zana nyingi hizi pia ni za Kiingereza. Usiruhusu lugha iue dakika zile tatu za ubishi. Swali liwe kwa Kiingereza kama litakavyokuja kwenye mtihani. Mabishano na jirani yawe kwa Kiswahili. Kisha wawili wawili waandike sentensi moja ya Kiingereza inayoeleza kwa nini C ndilo jibu. Sentensi ile ni ngumu kwao kuliko saketi yenyewe, na mwanafunzi aliyekwisha kuelewa jambo kwa lugha anayoimudu ndiye anayeweza kuihangaikia.

Majina ya watoto

Karibu kila tovuti itakuomba usajili darasa. Usipakie orodha ya majina kamili, namba za simu za wazazi wala picha. Kwenye Plickers namba ya kadi inatosha: kadi ya 17 ni mwanafunzi wa 17 kwenye daftari la mahudhurio, na daftari linabaki kwako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Huduma nyingi za Marekani pia haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti bila mzazi. Ukitumia zana inayotaka akaunti za wanafunzi, andika barua fupi kwa wazazi, ieleze kwa Kiswahili chepesi, na uipitishe kwa mkuu wa shule. Na maksi za chemsha bongo hazina kazi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Umeme, jua na waya

Projekta ikipigwa na jua la saa nne asubuhi haionekani. Khanga nzito mbili au shuka la rangi ya giza dirishani hufanya kazi ya pazia. Kama shule haina projekta, angalia kama runinga ya bwalo ina tundu la HDMI. Waya wake ni kitu cha kununua hata kwa mfuko wako. Visipopatikana vyote, laptopu moja mezani inaonekana vizuri na watu wanane hadi kumi: gawa darasa vituo, kituo kimoja kikiwa cha simulesheni na vingine vya maswali ya kitabu, na mzunguke kila dakika kumi. Hapo utahitaji vipindi viwili mfululizo, kwa hiyo zungumza na mwalimu wa taaluma mapema. Chaji laptopu usiku, usitegemee soketi ya darasani, na kwenye andalio la somo andika utafanya nini umeme ukikatika: kura ya kadi inaweza kugeuka kura ya macho yaliyofumbwa na vidole vilivyowekwa kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B.

Kipindi kikiisha, matokeo ya kura zote mbili hubaki kwenye akaunti yako ya Plickers. Yafungue jioni. Usiangalie asilimia ya darasa peke yake; tafuta namba za kadi zilizochagua A mara ya kwanza na zikachagua A tena baada ya mjadala. Mara nyingi hawa hawasemi kitu darasani, na mtihani wa muhula ndio ungewatambulisha kwako wakati umekwisha kuchelewa. Wape dakika kumi kesho yake kabla ya vipindi vya jioni, na uwaombe wao waburute betri na balbu.